Kuchoma Kumoja, Mimenyuko Mingi: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi maana ya mmenyuko wa kikemikali, yaani tukio ambalo vitu hupoteza umbile lao la awali na kuzaa vitu vipya vyenye tabia nyingine, na tukawaomba wasomaji watuandikie mambo waliyoyaona wenyewe jikoni, kazini au darasani. Nimechagua barua sita. Waandishi wake hawafahamiani, lakini karibu wote wamejikwaa kwenye kisiki kimoja, nacho ni kuitambua aina ya mmenyuko kwa kutazama moto, moshi au povu, badala ya kuuliza ni kitu gani kimeingia, ni kipi kimetoka, na ni nani amempa mwenzake nini.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga. Katika jaribio tuliulizwa kuungua kwa utepe wa magneziamu ni mmenyuko wa aina gani. Niliandika muungano, jirani yangu akaandika uoksidishaji, na mwingine akaandika mwako. Nilipata alama mimi peke yangu. Je, wenzangu walikosea? Na kwa nini kuchoma magneziamu ni muungano, ilhali kuchoma mawe ya chokaa kunaitwa mtengano?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nyote watatu mlisema kweli, ingawa mwalimu wenu naye ana hoja ikiwa swali lake lilihusu mada mliyokuwa mkiisoma wiki ile. Mtu mmoja anaweza kuwa Mdigo, akawa seremala, na akawa baba wa watoto watatu, wala hakuna anayeona kwamba majina hayo yanagombana, kwa kuwa la kwanza linaeleza asili yake, la pili kazi yake na la tatu familia yake. Aina za mimenyuko ziko hivyo hivyo. Tunaposema muungano tunajibu swali la hesabu: vimeingia vitu vingapi na vimetoka vingapi? Magneziamu na oksijeni vimeingia viwili, na umetoka unga mweupe mmoja wa magneziamu oksaidi. Tunaposema uoksidishaji tunajibu swali la elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji hasi zilizomo ndani ya atomi: nani amezitoa na nani amezipokea? Kila atomi ya magneziamu imetoa elektroni 2 na atomi ya oksijeni imezipokea. Tunaposema mwako tunaeleza namna tukio lenyewe lilivyokwenda, yaani kwa kasi, kwa joto na kwa mwanga.

Majina haya hukutana mara nyingi, lakini hayafuatani daima. Chokaa iliyochomwa ikitiwa maji, vitu viwili huwa kimoja, na huo ni muungano. Hata hivyo hakuna elektroni iliyotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwa hiyo si uoksidishaji. Gesi ya kupikia inapoungua jikoni, huo ni uoksidishaji bila shaka yoyote, lakini si muungano, kwa sababu hutoka vitu viwili, kaboni dioksaidi na mvuke wa maji. Katika mtihani, basi, tazama kwanza swali linauliza hesabu au linauliza elektroni, na likiwa kimya, andika majina yote mawili na ueleze kila moja kwa sentensi moja.

Sehemu ya pili ya swali lako ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa kuwa imegusa mtego uliomo ndani ya lugha yetu. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kuchoma, kwa mambo ambayo mkemia huyatenga kabisa. Tunachoma taka, tunachoma mkaa, tunachoma chokaa, tunachoma matofali, tunachoma mahindi. Taka zinapochomwa ndizo zenyewe zinazowaka kwa kuungana na oksijeni ya hewa. Katika tanuri la mkaa mambo ni kinyume: magogo hufunikwa kwa majani na udongo kusudi hewa isipenye, na joto huzivunja kuni zenyewe hadi zitoe mvuke, lami na gesi, ikabaki kaboni. Huo ni mtengano, na mchomaji akizembea, udongo ukapasuka na hewa ikaingia, mtengano hugeuka mwako na asubuhi hukuta majivu. Katika chokaa moto uko nje ya jiwe. Jiwe haliwaki hata kidogo, hupokea joto tu hadi liiachie gesi iliyokuwa imefungwa ndani yake.

Mwamuzi hapa ni mizani. Gramu 24 za magneziamu zikiungua zote hutoa gramu 40 za unga, kwa sababu gramu 16 za oksijeni zimeingia. Gramu 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa hubaki gramu 56, kwa sababu gramu 44 za kaboni dioksaidi zimetoka. Vyote viwili tunasema vimechomwa, na kimoja kimeongezeka uzito huku kingine kikipungua. Usione haya kwamba neno lilikuchanganya, maana wasomi wa Ulaya nao walinaswa papo hapo kwa muda mrefu. Katika karne ya 18 wengi wao waliamini kwamba kila kinachoungua hutoa kitu fulani walichokiita flojistoni, hadi Mfaransa Antoine Lavoisier, katika miaka ya 1770, alipopima kwa makini kabla na baada ya kuunguza, akaonyesha kwamba kinachoungua hupokea sehemu ya hewa, ile aliyokuja kuipa jina la oksijeni. Mkipata nafasi maabara, msiishie kuutazama mwanga wa magneziamu, ambao hata hivyo hudhuru macho. Ichomeni ndani ya kibakuli cha kauri chenye kifuniko, mkikifunua kidogo kidogo ili hewa iingie bila unga kutoroka, kisha mpime.

SWALI: Mimi ni fundi wa kukarabati nyumba za kale hapa Lamu. Chokaa tunayoichoma kwa mawe ya matumbawe huchemka tunapoitia maji, hata mtu anaweza kuungua, ilhali hakuna moto. Tukishaipaka, ukuta huchukua miezi mingi kukomaa. Wazee wanasema chokaa inarudi kuwa jiwe. Je, ni kweli au ni usemi tu? Na kwa nini wataalamu wa mambo ya kale wanatukataza saruji?

JIBU: Fundi, ni kweli tupu, na inaweza kuthibitishwa kwa mizani ile ile niliyomwambia mwanafunzi wa Tanga. Tuanze na kilo 100 za matumbawe makavu na safi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Tanuu likifikia joto la nyuzi 900 hivi, jiwe huachia kilo 44 za kaboni dioksaidi na kubaki kilo 56 za kalsiamu oksaidi, yaani chokaa ambayo haijazimwa. Bila shaka wewe mwenyewe umewahi kuliinua jiwe lililoiva ukaona jinsi lilivyokuwa jepesi kuliko lilivyoingia, na ukakuta mengine ambayo ni mazito bado. Hayo kiini chake hakikupata joto la kutosha, na ndiyo yanayogoma kuchemka unapoyatia maji.

Kuzima chokaa ni hatua ya pili. Kilo 56 zile huungana na kilo 18 za maji, zikawa kilo 74 za kalsiamu haidroksaidi. Joto unaloliona halikutoka hewani wala halina muujiza: tanuu lilitumia nishati nyingi kulilazimisha jiwe litengane, na sehemu ya nishati hiyo imebaki imewekwa ndani ya chokaa ikingoja maji. Kilo 1 ya chokaa nzuri hutoa joto la kutosha kuchemsha karibu lita 3 za maji, na ndiyo maana majahazi yaliyobeba chokaa isiyozimwa yalikuwa hatarini kuungua yakiingiwa na maji ya bahari. Kwa sababu hiyo hiyo naomba vijana wako wasiinamie pipa wakati wa kuzima. Chokaa ikiruka jichoni, huunguza mara mbili, kwanza kwa joto lake na pili kwa ukali wa alikali yake, yaani ile tabia iliyo kinyume cha asidi, na jicho linaweza kupofuka. Lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi, kabla ya kumpeleka mtu hospitali.

Hatua ya tatu ndiyo ya ukutani, na ndiyo waliyoisema wazee. Kilo 74 zile huvuta kutoka hewani kilo 44 za kaboni dioksaidi, uzito ule ule uliopotea tanuuni, zikarudi kuwa kilo 100 za kalsiamu kaboneti, na kilo 18 za maji zikaachwa zikauke. Hesabu imefunga bila kubaki hata chembe. Jiwe lililotoka baharini limevunjwa, likafanywa uji, likapakwa, na sasa ni jiwe tena lenye umbo la ukuta.

Kuchelewa kwake kunatokana na uhaba wa gesi hiyo, kwa kuwa katika kila lita 10,000 za hewa kaboni dioksaidi haizidi sana lita 4, nayo inalazimika kupenya kutoka juu kuingia ndani, tabaka kwa tabaka. Zaidi ya hayo, gesi haimenyuki na chokaa iliyokauka kabisa. Inahitaji unyevu wa kuyeyukia. Hapo ndipo inapoonekana busara ya mafundi wa zamani, waliopaka chokaa kwa matabaka membamba, wakainyunyizia maji na kuikinga na jua kali. Ukuta unaokauka haraka haujakomaa, umeishiwa maji tu, na ukiukwangua kwa kucha utatoka unga.

Tazama pia jambo hili, maana vitabu vingi hulipita haraka: umeshuhudia mimenyuko mitatu mfululizo, mtengano, muungano, na wa tatu ambao gesi yenye tabia ya asidi imekutana na alikali na kuzaa chumvi, ambayo hapa ni ile kalsiamu kaboneti, na maji, na katika safari yote hiyo ya jiwe hakuna elektroni hata moja iliyohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Uoksidishaji pekee uliokuwepo ni wa magogo yaliyowaka chini ya jiwe.

Kuhusu saruji, wataalamu wanaokukataza wana sababu. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na vitu vinavyopatikana humenyuka na maji yenyewe bila kuingoja hewa. Ndiyo sababu saruji hukomaa hata chini ya maji na hukomaa upesi. Ni sifa njema kwa gati na daraja. Lakini ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wenye chumvi kutoka ardhini, nao lazima utokee mahali fulani. Lipu ya chokaa huuruhusu upumue. Lipu ya saruji huuziba, na chumvi huganda nyuma yake, ikatanuka ndani ya vinyweleo vya jiwe na kulimong'onyoa polepole, mpaka siku lipu inapobanduka ikiwa imeshika vipande vya ukuta. Mji wenu, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umesimama kwa chokaa, kama ulivyosimama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani.

Niongeze neno moja kwa wanaojenga nyumba mpya za zege. Mmenyuko ule ule unaoiimarisha chokaa huidhuru nondo. Zege changa ni kali kwa alikali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alikali ambacho kwa maji safi ni 7, ikiwa juu ya 12, na ukali huo huifanya nondo isishike kutu. Kaboni dioksaidi inapopenya miaka mingi na kuishusha pH hadi chini ya 9, kinga hiyo huondoka. Mchanga wa pwani wenye chumvi huharakisha uharibifu huo, maana kloridi iliyomo ndani ya chumvi hiyo huivunja kinga ya nondo hata kabla alikali haijaisha.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa usiku Arusha. Wakati wa baridi tunaingiza jiko la mkaa katika kibanda chetu baada ya mkaa kushika vizuri na moshi kwisha. Mwenzangu anasema mkaa usio na moshi hauna madhara. Nilitaka kujua kama anasema kweli.

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na nakuomba umsomee jibu hili leo kabla hamjaingia zamu. Moshi unaouona ni chembe za masizi na lami, na mkaa ulioshika hauna vitu hivyo kwa sababu viliondoka zamani katika tanuri la mkaa. Kinachoua hakionekani wala hakinuki. Chini ya jiko, mahali hewa inapoingia, kaboni huungana na oksijeni ya kutosha kuwa kaboni dioksaidi. Gesi hiyo inapopanda katikati ya makaa mekundu hukutana na kaboni nyingine, ambayo huinyang'anya nusu ya oksijeni yake, na badala ya molekuli 1 ya kaboni dioksaidi zikatoka molekuli 2 za kaboni monoksaidi. Zile ndimi za buluu mnazoziona juu ya makaa ni kaboni monoksaidi ikiungua. Zikikosekana, gesi hiyo haijakwisha, huenda inatoka bila kuungua na kuingia katika hewa mnayoivuta. Jiko linalofifia katika chumba kilichofungwa, basi, linaweza kuwa la hatari kuliko linalowaka.

Ndani ya mwili, kaboni monoksaidi hushika himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mmenyuko huu hurudi nyuma mtu akipata hewa safi, lakini hurudi polepole: huchukua saa 4 hadi 5 kwa nusu tu ya gesi hiyo kuondoka katika damu, ilhali kwa oksijeni ya hospitali muda huo hupungua kiasi cha kufikia saa 1 na nusu au chini yake. Kwa hiyo aliyeumwa kichwa, aliyetapika au kuzimia karibu na jiko hatolewi nje akaachwa alale; hupelekwa hospitali. Vaeni makoti mawili, na jiko libaki nje.

SWALI: Mimi ni mama wa nyumbani, Dar es Salaam. Nilichanganya dawa ya kusafishia choo na dawa ya kuondoa madoa kwenye nguo nyeupe, nikidhani nguvu itaongezeka. Ilitoka harufu kali, macho yakawasha na nikakohoa hadi jioni. Kila moja nimeitumia miaka mingi bila tatizo. Kulitokea nini?

JIBU: Pole sana, mama, na shukuru kwamba ulitoka. Dawa ya nguo nyeupe kwa kawaida ina sodiamu haipokloraiti iliyowekwa katika maji yenye alikali, na ni alikali hiyo inayoifanya itulie chupani. Dawa nyingi za choo zina asidi, mara nyingi ya haidrokloriki, kwa sababu asidi huyeyusha ukoko mweupe wa kaboneti unaoachwa na maji magumu. Ulipozichanganya, asidi iliiua kwanza alikali iliyokuwa ikilinda, kisha klorini iliyopungukiwa elektroni katika dawa ya kwanza ikakutana na klorini yenye elektroni ya ziada katika asidi ya dawa ya pili. Zikasawazishana, na zote mbili zikatoka kama gesi ya klorini. Ni gesi ile ile iliyotumiwa kama silaha karibu na Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili mwaka 1915. Usafi wa choo chako haukuongezeka hata kidogo, kwa kuwa dawa zote mbili zilikuwa zikiuana zenyewe.

Likitokea tena kwa bahati mbaya, usimwage kitu kingine cha tatu ili kuzima. Toka, waache watoto mbali, fungua milango na madirisha ukiweza kufanya hivyo bila kuivuta gesi, na kikohozi kisipotulia au kifua kikibana mwone daktari siku hiyo hiyo. Dawa ya nguo haifai kuchanganywa na siki wala na dawa yenye amonia pia. Kampuni huandika onyo hilo kwenye chupa, na kwa maoni yangu huliandika kwa herufi ndogo mno na mara nyingi kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi.

SWALI: Chumvi ikiyeyuka majini, je, ni mmenyuko? Na urea ya shambani ikitiwa majini mbona ndoo inakuwa baridi? (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Katika yote mawili hakijazaliwa kitu kipya, ukikausha maji utaipata chumvi ile ile na urea ile ile. Joto na baridi peke yake si ushahidi wa mmenyuko. Molekuli za urea zilizoshikana katika punje huhitaji nishati ili ziachane, na huichukua kutoka kwa maji yaliyozizunguka. Urea humenyuka baadaye, ikiwa udongoni, ambako vimeng'enya vya vijidudu, yaani protini zinazoharakisha mimenyuko, huivunja kuwa amonia na kaboni dioksaidi, na ukiiacha juu ya ardhi yenye unyevu bila kuifukia, sehemu ya amonia hiyo hupotelea hewani pamoja na pesa yako.

SWALI: Mimi ni mkulima mstaafu wa kahawa, Moshi. Zamani tulinyunyizia mibuni mrututu na chokaa. Mara moja nilikoroga mrututu kwenye ndoo ya bati, na kesho yake ndoo ilikuwa na utando mwekundu ndani, rangi ya buluu ya maji imefifia, na baada ya siku chache ndoo ikatoboka. Mjukuu wangu anasema ule utando ulikuwa shaba. Inawezekanaje, na kwa nini tuliambiwa tutie chokaa?

JIBU: Shikamoo mzee. Mjukuu wako amesema kweli. Mrututu ni salfeti ya shaba, na shaba iliyomo ndani yake imekwisha kupoteza elektroni 2 kwa kila atomi. Ndoo ya bati ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki huziachia elektroni zake kwa urahisi kuliko shaba, na chuma vilevile, ijapokuwa si kwa urahisi wa zinki. Kwa hiyo zinki ilianza kuyeyuka ikiingia katika maji na kuiachia shaba elektroni, shaba ikatoka majini ikaganda ukutani mwa ndoo. Zinki ilipokwisha, chuma kikafuata njia hiyo hiyo hadi pakatoboka. Rangi ya buluu ilikuwa ya shaba iliyoyeyuka, na ndiyo maana ilififia. Mmenyuko huu huitwa uhamisho, kwa kuwa metali moja humhamisha mwenzake na kukaa mahali pake, na ni uoksidishaji pia, kwa kuwa elektroni zimehama mikono. Tabia hiyo ya zinki ya kujitoa kwanza ndiyo inayolinda mabati ya nyumba zetu: hata palipokwaruzwa, zinki iliyo jirani huliwa badala ya chuma, na kutu huanza pale tu inapokuwa imekwisha. Watu wa Tanga na Mombasa huona haraka zaidi, kwa kuwa upepo wa bahari huleta chumvi inayoharakisha kazi hiyo.

Chokaa ni habari nyingine kabisa. Mrututu peke yake ni mkali na huunguza majani ya mbuni. Ukitiwa katika maji ya chokaa iliyozimwa, hakuna anayempa mwenzake elektroni. Wanabadilishana wenza tu. Shaba huchukua haidroksaidi iliyokuwa ya kalsiamu, na kalsiamu huchukua salfeti iliyokuwa ya shaba. Shaba haidroksaidi inayopatikana, pamoja na viambata vyake, haiyeyuki majini kwa urahisi, kwa hivyo hushika kwenye jani kama utando wa buluu, ikaachia shaba kidogo kidogo, kiasi cha kuua vijimbegu vya kuvu bila kuliunguza jani. Mchanganyiko huu ulianzia katika mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, ambako wakulima waliipaka mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia wasiibe zabibu. Mtaalamu wa mimea Pierre-Marie-Alexis Millardet akagundua kwamba mizabibu hiyo haikushambuliwa na ukungu, akaueleza mchanganyiko huo hadharani mwaka 1885.

Kipimo kilichozoeleka ni kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa iliyozimwa na lita 100 za maji, vikiandaliwa katika mapipa ya plastiki au ya mbao, mrututu peke yake na chokaa peke yake, ndipo mrututu umiminwe polepole ndani ya chokaa huku ukikorogwa. Mabaki yasimwagwe karibu na mto, kwa kuwa shaba huua samaki. Na ile ajali ya ndoo yako, mzee, wakulima wengine waliigeuza kuwa kipimo: huchovya kisu au msumari uliosuguliwa ukang'aa katika mchanganyiko kwa dakika moja au mbili. Ukitoka na utando mwekundu, ipo shaba ambayo bado imeyeyuka na itaunguza majani, na chokaa huongezwa. Ukitoka uking'aa kama ulivyoingia, mkulima hujaza bomba lake na kwenda shambani.